Mama akisema "tatu" ana maana ya nane: maumivu ya wazee wetu na kipimo cha daktari

#1 Mwana_Muheza (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Wakubwa shikamooni.

Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma mnisamehe. Nimeukalia moyoni wiki nzima.

Nipo Cleveland, Ohio, huu mwaka wa kumi na moja nabeba box. Box langu ni wazee. Saa kumi na moja alfajiri nipo barabarani, saa kumi na mbili nipo kwa bibi mmoja Mmarekani mweusi wa miaka 82. Namwogesha, namvalisha, namwandalia uji, nahesabu vidonge vyake. Jioni nikirudi kwangu namkuta mama yangu mzazi, miaka 71, niliyemleta kutoka Muheza miaka mitatu iliyopita. Bibi ni magoti na kiuno. Mama ni magoti na nyayo. Yaani kuanzia kunakucha hadi nalala naishi na magoti manne yasiyo yangu, na ya kwangu yameanza kunikumbusha kuwa yapo.

Sasa juzi Jumatano nikampeleka mama kliniki. Muuguzi akapiga simu ya mkalimani, akaiweka mezani, tukaanza. Swali la kwanza: kuanzia sifuri hadi kumi, sifuri ni hakuna maumivu kabisa, kumi ni maumivu makali kuliko yote, leo uko wapi?

Mama akafikiri kidogo. "Tatu."

Nikamgeukia. Mama huyu ngazi za kwetu anapanda kwa makalio, kinyumenyume, moja moja, mkono mmoja ukutani na mwingine unavuta goti kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Usiku akienda msalani anafungulia maji ya bomba ili tusisikie anavyoguna. Tatu!

Nikajaribu kuingilia, muuguzi akaniashiria nimwachie mgonjwa aseme mwenyewe. Sawa, yuko sahihi kabisa, lakini mgonjwa mwenyewe kalelewa kutosema.

Kwenye gari nikamuuliza, mama, tatu imetoka wapi? Akanijibu taratibu kama ananifundisha kusuka ukili: "Kumi ni ya Mungu, mwanangu. Kumi ni siku ya kukata roho. Leo nikisema nane, kesho likizidi nitasema ngapi?"

Hilo moja. La pili ndilo lililoninyima usingizi. Daktari alipoingia akamwambia mama aeleze. Mama akaeleza, tena kwa ufasaha, Kiswahili cha Tanga mnakijua. Akasema: "Goti usiku linawanga. Asubuhi linakaza, mpaka nilichue ndiyo linaachia. Nikipanda ngazi linachoma. Na huku chini nyayo zinafukuta, kama nimekanyaga majivu ya moto, halafu zinakufa ganzi."

Mambo matano tofauti hayo. Kuwanga si kukaza, kukaza si kuchoma, na kufukuta ni habari nyingine kabisa. Mkalimani kwenye simu (na si kwamba alikuwa mbaya, alikuwa na haraka, na kwa lafudhi nadhani ni mtu wa bara asiyezoea maneno hayo) akakusanya yote akayageuza kuwa sentensi moja ya Kiingereza: anaumwa goti na miguu. Basi. Mchele wote umemwagika, kimebaki kikapu.

Daktari akatazama eksirei, akasema goti limesagika kidogo tu, daraja la pili. Panadol, apunguze uzito, tuonane baada ya miezi sita. Tulikaa mle ndani dakika kumi na moja, nilitazama saa.

Kesho yake nikamsimulia bibi yangu wa asubuhi. Akacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Akasema: "Wamekupa dakika kumi na moja? Mama yako ana bahati." Ya bibi huyu nitarudi kuyasimulia, sasa hivi nawahi zamu.

Nauliza: wenzangu wenye mama, bibi na mashangazi wenye maumivu ya miaka, nyumbani au ughaibuni, mnafanyaje? Wanasemaje kwa daktari? Wanaaminiwa?

#2 Kibuyu77

Nimeweka kambi hapa. Pole kwa mama. Hiyo ya kufungulia bomba imenigusa, mama yangu yeye huwasha redio.

#3 Mjukuu_wa_Kongowea

Mwana Muheza, pole. Sisi tuko Mombasa na hadithi ni hiyo hiyo, ila huku hata sifuri mpaka kumi hatuulizwi. Shangazi yangu kauza mboga miaka thelathini, amekaa kwenye kigoda mgongo umepinda, asubuhi kabeba magunia. Akenda kwa daktari jibu ni "mama, ni uzee". Sasa uzee ndio nini? Goti la kulia na la kushoto zilizaliwa siku moja, mbona laumwa moja?

Akaacha kwenda hospitali. Akawa anadungwa sindano ya diklofenaki dukani kila linapozidi, na katikati anameza vidonge vyake. Ana presha. Mwaka wa tatu miguu ikafura, figo zikaonekana zimechoka. Saa hii hamezi chochote isipokuwa paracetamol, na kila akiniona aniuliza kama nimeleta "ile yangu ya kuniinua".

#4 Chuma_cha_Pua

Naheshimu uchungu wa mtoa mada, ila tusigeuze kila kitu kuwa ubaguzi. Hapa Dar daktari mweusi, mgonjwa mweusi, bima ipo, na bado mama anaambiwa ni uzee. Tena huko Marekani nasikia waligawa dawa kali za maumivu mpaka nchi ikajaa mateja. Labda daktari wako alimwokoa mama.

#5 Mwana_Muheza

Mkuu Chuma, sikutaja ubaguzi kwenye bandiko langu, umeutaja wewe 😀 Lakini kwa kuwa umeuleta, tuuzungumze.

Hizo dawa kali ziligawiwa kweli. Swali ni ziligawiwa nani. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Atlanta, idara ya dharura ya hospitali moja, watu waliovunjika mifupa ya mikono na miguu. Mfupa uliovunjika hauhitaji mjadala, unaonekana kwenye picha. Wazungu waliopewa dawa ya maumivu walikuwa asilimia 74, weusi asilimia 57. Mwaka huo huo New York walizunguka maduka ya dawa: mitaa ya wazungu, asilimia 72 ya maduka yalikuwa na akiba ya kutosha ya dawa kali. Mitaa ya wengine, asilimia 25. Yaani hata ukiandikiwa, unazunguka na karatasi mkononi.

Na mwaka 2016 University of Virginia wakawauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana, wazungu, zaidi ya 200, maswali ya mwili. Karibu nusu walikubali angalau jambo moja la uongo kuhusu watu weusi: ngozi yao nene zaidi, mishipa yao ya fahamu haihisi sana, na mengine ya namna hiyo. Na waliokubali hayo ndio waliompa mgonjwa mweusi wa kwenye mfano alama ndogo za maumivu. Hao si wa karne ya utumwa. Wengine sasa hivi wako zamu.

Mimi mama yangu sijamwombea dawa kali. Goti la kusagika halihitaji morfini. Namwombea aulizwe swali la pili.

#6 Tiba_Asilia_Bora

DAWA YA UHAKIKA ya baridi yabisi, kusagika magoti, ute wa goti kukauka, gauti, ganzi, mgongo, presha, sukari na nguvu za kiume. Siku 7 tu unakimbia. Imetengenezwa kwa mizizi. Njoo PM.

#7 Mfamasia_Msumbufu

Wewe #6 ngoja nikutumie wateja.

Wadau, dawa yoyote ya "mizizi" inayoondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya siku mbili, jiulize kuna nini ndani. Mara nyingi wanasaga humo vidonge vya steroidi, deksamethasoni au prednisoloni. Mama anaamka kama msichana, anasifia mtaa mzima. Baada ya miezi uso umejaa mviringo, anakula kuliko kawaida, sukari juu, presha juu, mifupa inapungua nguvu. Na akiacha ghafla anaweza kuzimia, kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza ya kwake. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja. Kama mzazi wako anatumia kitu cha hivyo, usimwachishe wewe sebuleni, mpeleke na kichupa chake hospitali apunguziwe polepole.

Kwa Mjukuu wa Kongowea: pole kwa shangazi. Diklofenaki ya kumeza na ya sindano, ibuprofeni na ndugu zao si za mzee mwenye presha au figo kuzitumia kila siku. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini ina nafuu kidogo kwa sababu kinachoingia kwenye damu ni kidogo, lakini kwa mwenye figo zilizoumia bado aulizwe daktari.

Na ninyi wa Marekani: Tylenol ndiyo Panadol. Narudia, Tylenol NDIYO Panadol. Kuna mama alikuwa anameza za kutoka Dar asubuhi, za huko mchana, na usiku dawa ya mafua ambayo nayo ina hiyo hiyo ndani. Vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku ndiyo mwisho wa mtu mzima, na kwa wazee madaktari wengi huishia sita. Ini halina kengele.

#8 Kibuyu77

Umenikumbusha kumpigia mama. Narudi.

#9 Mazoezi_Tiba

Mimi ni fizio, nipo Mwanza, nimeona neno "daraja la pili" nikashindwa kupita.

Eksirei haionyeshi maumivu. Inaonyesha mfupa, na nafasi kati ya mifupa. Vipimo vya madaraja ya goti, sifuri mpaka nne, vilichapishwa mwaka 1957 na madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, na watu waliopigwa picha kutengeneza vipimo hivyo walikuwa Waingereza weupe. Hakuna bibi wa Muheza mle, wala wa Alabama. Si dhambi yao, walipima watu waliokuwa nao. Dhambi ni kudhani kipimo kile kinaona kila goti duniani.

Sasa sikilizeni hii. Kwa miaka mingi utafiti Marekani ulikuwa unaonyesha weusi wanalalamika maumivu ya goti kuliko wazungu wenye daraja lile lile. Maelezo ya haraka yakawa: basi tatizo haliko gotini, liko kichwani, au maisha magumu, au malalamiko tu. Mwaka 2021 watafiti wakina Emma Pierson na Ziad Obermeyer wakafanya kitu tofauti. Wakaifundisha kompyuta kusoma picha zile zile, lakini badala ya kuipa madaraja ya daktari, wakaipa alichosema mgonjwa mwenyewe. Yaani mwalimu akawa mgonjwa. Madaraja ya kawaida yalikuwa yanaeleza asilimia 9 tu ya ile tofauti ya maumivu kati ya weusi na weupe. Kompyuta ikaeleza asilimia 43. Kwenye picha zile zile! Uharibifu ulikuwamo gotini muda wote, jicho lilikuwa halijafundishwa kuuona.

Na daraja ndilo linalosaidia kuamua nani afikiriwe kubadilishiwa goti. Fikiri hapo.

Chuma cha Pua, kuhusu "daktari mweusi, mgonjwa mweusi": unadhani sisi tulisomea vitabu vya nani? Halafu foleni ya kwangu ni watu arobaini kwa siku. Nami nimewahi kusema "ni uzee, mama". Nilikuwa nimechoka.

#10 Chuma_cha_Pua

Hapo sina la kusema. Hiyo ya kompyuta nimeisoma mara mbili.

#11 Mmakonde_Halisi

Wakuu, nami nichangie la kwetu. Mnajua neno chikungunya ni la Kimakonde? Ugonjwa ule ulielezwa kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 huku kwetu, nyanda za juu za Makonde upande wa Newala. Maana yake ni kile kinachompinda mtu, kinachomkunja. Dunia nzima, Wahindi, Wabrazili, Wafaransa wa Réunion, wanatumia neno la bibi zetu. Hapo ndipo ninapojivuna, maana wazee wetu walitazama mwili wa mgonjwa wakaupa jina, na wazungu wakaona hilo jina linatosha.

Lakini kinachosahaulika ni kwamba homa inapita, viungo vinabaki. Kuna watu, hasa wenye umri, wanabaki na vifundo vya mikono na miguu vinavyouma miezi, hata miaka. Lamu mwaka 2004 ugonjwa ulikula kisiwa, walipopima damu robo tatu ya watu walikuwa wameupata. Mwenye bibi Lamu au Mombasa (kule ulirudi 2017 na 2018) ambaye vidole vyake haviwezi kukuna nazi tangu "ile homa", amweleze daktari habari ya hiyo homa. Asiseme tu viungo vinauma.

#12 Mjukuu_wa_Kongowea

Subhanallah. Mmakonde, shangazi aliugua 2018, sote nyumba nzima tuliugua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

#13 Mama_wa_Uvira

Miye niko Louisville, Kentucky. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi mbele ya kuja huku. Mama mkwe ana miaka 68, mgongo. Alibeba mizigo na kamba ya kichwani tangu akiwa mtoto, na njiani kulikuwa na mengine ambayo hayasemi.

Shida yetu: anayetafsiri ni mtoto wangu wa miaka 12, ndiye anajua Kiingereza. Daktari anauliza maumivu yalianza lini, ya nini, tumbo la chini je. Mama anatazama mjukuu, anasema "niko sawa". Atasema nini mbele ya mtoto wa kiume?

#14 Mwana_Muheza

Dada wa Uvira, soma hapa vizuri. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani, na ni karibu zote, inatakiwa kukupa mkalimani bure. Si hisani, ni sheria. Na sheria hiyo hiyo inawakataza kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa kwa dharura. Ukipiga simu kupanga miadi sema mapema: mkalimani wa Kiswahili, cha Kongo, mwanamke. La mwanamke huenda lisipatikane, lakini liombe. Na mtoto abaki nje na simu yake.

Sasa la bibi yangu wa asubuhi, niliahidi.

Bibi kazaliwa Alabama, akaja Cleveland kijana. Watu wake wengi hapa asili yao ni huko huko. Alianza kusugua sakafu za watu akiwa na miaka 14, kwa magoti, siyo kwa fagio la mpini. Bibi mwenye nyumba alikuwa anapitisha leso nyeupe pembeni mwa ukuta. Baadaye akafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, miaka 26. Anasema hospitali anaijua kwa chini: damu yao na mikojo yao yote imepita mikononi mwake, na siku alipoingia kwa mlango wa mbele kama mgonjwa walimuuliza anatafuta nani.

Mama yake naye alikuwa mfanyakazi wa ndani. Sheria ya pensheni ya Marekani ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani, yaani kazi walizokuwa nazo wengi wa watu weusi wa kusini. Miaka ya 1950 wakaanza kuingizwa, lakini matajiri wengi waliendelea kulipa mkononi, hakuna karatasi. Kwa hiyo hata magoti yalipokwisha, mtu anaendelea kusugua. Mkiona bibi mweusi wa miaka 80 hapa anatembea kama anaogelea, ile ni hesabu ya sakafu.

Sasa jinsi anavyokwenda kwa daktari. Kwanza ANAVAA. Siku ya miadi naambiwa nije nusu saa mapema. Gauni la kanisani, soksi ndefu, kofia, bruchi ya lulu kifuani. Mara ya kwanza nikamwambia bibi, tunakwenda kupigwa picha ya kiuno, utavuliwa yote. Akasema: "Watanivua, lakini kwanza wataniona."

Pili, ana daftari. Daftari dogo la jalada jekundu, limefungwa kwa mpira. Kila asubuhi anaandika mstari mmoja, hajaandika namba hata siku moja. Anaandika alichoshindwa kufanya. Nimelisoma kwa ruhusa yake: "Sikuweza kufunga sidiria." "Nilikaa kwenye choo dakika ishirini kwa sababu ya kuogopa kusimama." "Sikwenda kumzika Ruthie." Kisha anamsomea daktari. Hakuna namba ya kubishania hapo.

Tatu, hataji dawa kwa jina hata kama anaijua. Anasema mweusi akitaja dawa ya maumivu kwa jina, tayari ni teja, hata awe na miaka 82 na bruchi.

Nne, na hii ndiyo kali: akinyimwa kipimo, anauliza kwa upole kabisa, "Daktari, tafadhali andika kwenye faili langu kwamba nimeomba na umekataa, na sababu yake." Anasema nusu ya siku hizo kipimo hupatikana pale pale.

Nilimuuliza hachoki kujipamba na kujipanga ili tu aaminiwe goti lake mwenyewe? Akanitazama muda. Akaniomba nimpe krimu ya mikono.

#15 Kibuyu77

"Sikwenda kumzika Ruthie." Aisee.

#16 Binti_wa_Unyagoni

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnalaumu madaktari, haya. Nani aliwafundisha mama zetu kusema tatu? Mimi siku najifungua mtoto wa kwanza nilipiga ukelele mmoja, bibi yangu akanifinya paja. "Unawaita nani? Kaza!" Na kabla ya hapo ndani nilifundishwa hivyo hivyo, mwanamke hatangazi. Ukivumilia unasifiwa, ukilia unaitwa deko. Halafu miaka hamsini baadaye tunamkalisha mbele ya mzungu tunamwambia mama, jitangaze. Kwa kinywa gani?

Nami nimemfinya mdogo wangu paja. 2019. Nimekumbuka sasa hivi nikiwa naandika.

#17 Mazoezi_Tiba

Binti, umegusa penyewe. Ndiyo maana mimi siku hizi siulizi namba. Nauliza: Jana ulisali umekaa au umesimama? Uliinama kufagia? Nani alichota maji? Mwanamke hatatangaza maumivu lakini kazi za nyumbani atazitaja zote.

Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, IASP, mwaka 2020 walirekebisha maana ya maumivu. Wakaweka wazi kwamba mtu akisema anaumwa, aheshimiwe. Na kwamba maneno ni njia moja tu ya kuonyesha maumivu. Kufungulia bomba usiku ni njia nyingine, nadhani.

Kwa mama wa Muheza, mazoezi: akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja ahesabu tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Likiuma kidogo wakati wa zoezi si vibaya, likivimba jioni apunguze. Paja likipata nguvu goti hupumua. Asilale na mto chini ya goti hata kama anasikia raha, goti litazoea kukunjika. Na zile nyayo zinazofukuta na kufa ganzi HAZITOKANI na goti. Ana sukari?

#18 Mwana_Muheza

Ana sukari, mwaka wa kumi na mbili sasa. Anameza metformini.

#19 Mazoezi_Tiba

Mrudishe, usisubiri miezi sita. Neno lililopotea kwenye simu ni hilo la kufukuta. Moto wa nyayo kwa mtu wa sukari ni mishipa ya fahamu hiyo. Na metformini ya miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, nayo ikishuka huleta ganzi na moto vile vile. Ni kipimo cha damu cha kawaida tu. Miguu yake uitazame kila jioni, katikati ya vidole pia, maana mtu wa ganzi anaweza kukanyaga msumari asijue.

#20 Chuma_cha_Pua

Mtoa mada utupe mrejesho. Na samahani kwa #4, nilikuja kwa mikogo.

#21 Mwana_Muheza (mrejesho, wiki tano baadaye)

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, hapa theluji imetukalia.

Tulirudi kliniki. Safari hii niliomba mkalimani wa kukaa chumbani, akaja dada mmoja wa Bagamoyo, mama alipomsikia tu "shikamoo" akajiweka sawa kwenye kiti. Nilikuwa nimeandika yale maneno kwenye karatasi, kuwanga, kukaza, kuchoma, kufukuta, ganzi, mbele ya kila moja saa linapokuja. Daktari (mwingine, kijana) alipofika kwenye kufukuta akasimamisha kalamu. Akamvua mama soksi. Akamgusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki, macho amefumba, aseme anapohisi. Sehemu nne hakuhisi kitu.

B12 ipo chini sana. Sukari nayo imechangia, daktari anasema haiwezekani kutenganisha kwa sasa. Kaanzishiwa B12, kapewa rufaa ya fizio kwa magoti, na viatu vya wagonjwa wa sukari. Moto haujaisha. Anasema zamani ilikuwa majivu ya jikoni, sasa ni mchanga wa saa saba mchana.

Namba aliulizwa tena. Akanitazama, akamtazama yule dada. Akasema, "Mwambie sita. Na mwambie jana nimesali nimekaa."

Halafu kichekesho. Jumapili kabla ya miadi nilimpeleka mama kumsalimia bibi. Hawaelewani lugha hata kidogo, walikaa saa mbili. Nimetoka jikoni nawakuta wamekunja magauni, wanaonyeshana magoti, kila mmoja anabonyeza la mwenzake kama wanachagua maembe. Tulipoondoka bibi akavua bruchi yake ya lulu akambandika mama kwenye mtandio. Nikatafsiri: anasema ni ya kuvaa kwa daktari.

#22 Mjukuu_wa_Kongowea

Hahaha maembe! Shangazi kapimwa, daktari sasa ajua habari ya ile homa. Kapewa fizio pia. Na hiyo bruchi, mama alirudisha?

#23 Mwana_Muheza

Hajarudisha mkuu. Anasema miadi nyingine ni tarehe 14.